Chembe Zilizopandikizwa Zionekane Kwanza

Mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza anayetibiwa Bombo, Tanga, akisikia kwamba chembe za kongosho hupandikizwa, ana haki ya kuuliza kama siku za sindano zimekwisha. Jibu la haki ni kwamba bado, na kikwazo si gharama pekee.

Mwaka 2000 madaktari wa Edmonton, Kanada, walitangaza kuwa wagonjwa 7 waliopandikizwa chembe hizo wameacha insulini. Chembe hutolewa katika kongosho la marehemu na kuingizwa katika mshipa upelekao damu kwenye ini. Hata hivyo, baada ya miaka 5, ni takriban asilimia 10 tu ya waliotibiwa huko waliokuwa hawajarudia sindano.

Figo iliyopandikizwa, kama ifanywavyo Muhimbili tangu 2017, huonekana kwa altrasaundi. Visiwa vya chembe za kongosho, kila kimoja kikiwa na upana wa takriban milimita 0.1, hutawanyika ndani ya ini. Kipimo cha damu cha si-peptaidi huonyesha insulini itengenezwayo na mwili wenyewe, lakini hakihesabu chembe zilizosalia. Kinaposhuka, huenda nyingi zimekwisha kufa. Watafiti wamezitia chembe oksidi ya chuma ili zionekane kama madoa meusi katika picha ya MRI, ila chuma huweza kubaki hata chembe ikifa. Doa, basi, si ushahidi wa uhai. Kipimo cha PET, kitumiacho dawa yenye mnururisho inayonasa kwenye chembe hai, kinaleta matumaini zaidi, lakini kingali katika utafiti.

Kwa pwani ya kaskazini suala hili ni zito. Aliyepandikizwa hunywa dawa za kupunguza kinga ya mwili muda wote chembe zinapotegemewa. Muheza, Pangani na Mkinga bado zina malaria na kifua kikuu. Kuidhoofisha kinga ya mtu kwa ajili ya chembe zilizokwisha kufa bila yeyote kujua ni hasara juu ya hasara. Kwa hiyo tiba hii itakapoletwa, swali la kwanza la daktari na mgonjwa liwe: zitaonekanaje kuwa hai?

Hadi hapo, mhudumu amweleze mgonjwa ukweli huu bila kumkatisha tamaa, na insulini isiachwe hata siku moja. Pasipo na jokofu, mtungi wa udongo wenye unyevu, uliowekwa kivulini, huikinga na joto la pwani.