Mavazi na Usafi wa Baiskeli kwa Anayeanza

Baiskeli ni mali ya jamaa nzima. Ndiyo imfikishayo baba kazini, mama sokoni na maji nyumbani. Hata hivyo wengi wanunuapo baiskeli huimaliza akiba yote kwa chombo chenyewe, wakasahau mambo mawili yanayomhifadhi mpandaji na chombo chake: nguo ya kupandia na tambara la kufutia. Mambo hayo hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji mazoea.

Kwanza mavazi. Anayeanza asidhani kuwa hana budi kununua nguo za kubana kama za washindani wa mbio. Shati jepesi la pamba, linyonyalo jasho na kupitisha hewa, latosha, nalo hupatikana kwenye mitumba kwa bei nafuu. Suruali pana ndiyo ya kuogopwa. Mnyororo uko upande wa kulia, kwa hiyo upindo wa mguu wa kulia uingizwe ndani ya soksi, au ufungwe kwa ukanda uliokatwa kwenye tyubu kuukuu. Viatu viwe na soli isiyoteleza, na kamba zake zifungwe fupi. Kandambili huchopoka kwenye pedeli.

Akina mama nao wasizuiwe na vazi lao. Kaptura au suruali nyepesi ivaliwe ndani ya gauni, na kanga ifungwe kwa fundo imara. Apakiwaye nyuma akusanye ncha za kitenge mapajani. Spoku zikishanyakua nguo, gurudumu husimama ghafla, na wote waliopanda huanguka. Mtoto naye asipakiwe kwenye keria bila mahali pa kukanyagia, kwa kuwa kisigino chake chaweza kuingia katika spoku na kuumia vibaya. Kofia ngumu, ikipatikana, ni kinga ya kichwa. Atokaye alfajiri au arudiye usiku avae nguo nyeupe, maana dereva wa lori huchelewa kumwona mwenye nguo za giza.

Pili usafi. Hapa Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi tangu mwaka 2012, mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha kiangazi huingia. Mpanda baiskeli wa Nsemulwa au Kawajense hupambana na tope nusu ya mwaka, na vumbi nusu ya pili. Vumbi likichanganyika na mafuta huwa kama msasa, likaula mnyororo na meno ya gia polepole, hata vyote viwili vikahitaji kununuliwa upya. Siku hiyo mfanyakazi hupoteza fedha, na pengine hupoteza na siku ya kazi.

Dawa yake ni nusu saa kila Jumapili. Andaa ndoo ya maji, sabuni, matambara mawili, mswaki wa zamani na kichupa cha mafuta ya cherehani. Tope lioshwe kabla halijakauka. Tumia tambara lenye maji, usimwagie maji kwa nguvu kwenye vitovu vya magurudumu, kwani yakipenya huondoa grisi na kuziachia gololi kutu.

Mnyororo usuguliwe kwa mswaki uliochovywa mafuta ya taa kidogo, mbali na moto wa jikoni, kisha ukaushwe. Tia tone moja la mafuta ya cherehani katika kila kiungo, zungusha pedeli kinyume, ngoja kidogo, halafu futa yaliyobaki nje. Mafuta hufanya kazi ndani ya kiungo. Yale ya nje hukamata vumbi tu. Mafuta ya kupikia yasitumike, kwa sababu huganda na kunata.

Jihadhari sana mafuta yasiguse rimu wala mipira ya breki, kwani breki yenye mafuta haishiki. Mwisho kaza nati zilizolegea, bonyeza tairi kuona kama lina upepo, na jaribu breki zote mbili kabla ya safari ya Jumatatu.

Watoto washirikishwe katika kazi hii, ili nao wajue kutunza mali ya nyumba. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na tambara la Jumapili ni rahisi kuliko mnyororo mpya.