Eti muuza kanga haitaki shule?

Tumechoka kusikia msichana anaachishwa shule kidato cha pili kwa kuwa "atauza kanga tu". Kweli, kupatana bei hufunzwi darasani, unafunzwa Darajani. Lakini hesabu je? Doti 40 kutoka Kariakoo kwa shilingi 320,000, boti na mchukuzi 80,000: kila doti imekugharimu 10,000. Wangapi huuza 9,500 wakijiona wamepata faida? Na wanaoleta hoja ya dini wafungue Suratul Baqara, aya ya 282, ndefu kuliko zote katika Qur'ani. Inahusu kuandika deni! Asiyejua kuandika atamtegemea mdeni amkumbushe? Mwacheni amalize kidato cha nne, jioni asimame dukani.