Barakoa za gesi: Kinga iliyochelewa, na wale ambao haikuwafikia

WAHENGA walisema ajali haina kinga. Lakini gesi ya sumu iliyomwagwa katika viwanja vya vita mwanzoni mwa karne ya 20 haikuwa ajali, na kinga yake ilipatikana. Swali lililobaki tangu wakati huo ni kuhusu nani hupewa kinga hiyo, na ni kwa nini mara nyingi humfikia akiwa amekwisha kuumia.

Swali hilo lingali na uzito. Mnamo Novemba 2024, Shirika la Kupiga Marufuku Silaha za Kemikali (OPCW) lilitangaza kuwa sampuli zilizotolewa katika handaki la vita nchini Ukraine zilikuwa na kemikali ya CS, aina ya kitoa machozi ambacho sheria ya kimataifa inakataza kitumiwe vitani. Shirika hilo halikutaja aliyeitumia. Hata hivyo, taarifa yenyewe ilitosha kukumbusha ulimwengu kwamba, zaidi ya karne moja baada ya barakoa ya kwanza kushonwa kwa haraka, askari walio mahandakini bado wanaihitaji.

Chanzo cha hayo yote ni jioni ya Aprili 22, 1915, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji. Wanajeshi wa Ujerumani walifungua mitungi zaidi ya 5,700 ya gesi ya klorini. Takriban tani 168 za gesi hiyo zilisukumwa na upepo hadi kwenye mahandaki ya jeshi la Ufaransa.

Waliokumbwa na wingu hilo walikuwa askari wa akiba wa Ufaransa pamoja na vikosi kutoka Algeria, wakiwemo Waafrika waliovushwa bahari kwenda kuipigania dola iliyokuwa ikiwatawala. Hakuna aliyekuwa na barakoa. Klorini ni nzito kuliko hewa, hivyo iliteremka ndani ya mahandaki walimokuwa wamejificha. Gesi hiyo huunguza mapafu hadi yajae majimaji, na mwathiriwa hufa maji akiwa nchi kavu.

Ujerumani ilikuwa miongoni mwa mataifa yaliyokubali Azimio la The Hague la 1899, lililopiga marufuku makombora ya kusambaza gesi za kukosesha pumzi. Watetezi wake walidai kuwa azimio lilitaja makombora, bali wao walikuwa wametumia mitungi. Mwanakemia Fritz Haber ndiye aliyesimamia mpango huo.

Jambo la kusikitisha ni kwamba elimu ya kujikinga haikukosekana. Mnamo 1854, mwanakemia John Stenhouse wa Scotland alikuwa ametengeneza barakoa iliyotumia makaa kunasa hewa chafu. Wafanyakazi wa migodini na wazima moto nao walikuwa na vifaa vya kupumulia miaka mingi kabla ya vita. Kilichokosekana ni serikali kuamini kwamba mwanajeshi wa kawaida angehitaji kifaa kama hicho.

Siku mbili baada ya shambulio la kwanza, wanajeshi wa Canada walipigwa kwa gesi hiyo hiyo. Kinga pekee waliyokuwa nayo ni vitambaa vilivyoloweshwa maji, na palipokosekana maji walishauriwa watumie mkojo. Klorini huyeyuka majini, kwa hivyo kitambaa kibichi kilipunguza makali yake kidogo.

Nchini Uingereza, gazeti la Daily Mail liliwaomba akina mama washone vitambaa vya pamba vya kufunika pua na mdomo. Maelfu waliitikia wito huo bila kukawia. Lakini vitambaa hivyo havikufaa kitu: vikiwa vikavu havikuizuia gesi, na vikilowa havikupitisha hewa. Ikabidi viondolewe. Nia njema bila utaalamu ilikaribia kuwaua wale waliokusudiwa kuokolewa.

Hapo ndipo wanasayansi walipopewa nafasi. John Scott Haldane, bingwa wa masuala ya upumuaji, alipelekwa Ufaransa kuichunguza gesi hiyo, na katika utafiti wake aliivuta yeye mwenyewe ili ajue madhara yake. Naye Cluny Macpherson, daktari wa kikosi cha Newfoundland, alibuni mfuko wa kitambaa cha flaneli uliovishwa kichwa kizima, ukiwa na dirisha dogo la kuonea. Flaneli hiyo ililoweshwa kemikali ile ile iliyotumiwa na wapiga picha katika kusafisha picha zao.

Kati ya Juni na Septemba 1915, mifuko ipatayo milioni 2.5 ya aina hiyo ilitengenezwa. Ilikuwa na joto jingi, ilinuka, na dirisha lake lilipasuka kwa urahisi. Lakini iliokoa maisha.

Nafuu hiyo haikudumu. Mnamo Desemba 19, 1915, Wajerumani waliwashambulia Waingereza karibu na Ypres kwa mchanganyiko wa klorini na fosijini. Fosijini ni hatari zaidi kwa kuwa haimkoholeshi mtu sana anapoivuta. Askari angeweza kujiona mzima, akaendelea na kazi zake, kisha akaanguka na kufa saa nyingi baadaye.

Watengenezaji wa mifuko walilazimika kuongeza kemikali nyingine katika flaneli, wakisaidiwa na maarifa yaliyotoka Urusi. Kufikia mwanzoni mwa 1916 ilikuwa wazi kwamba kitambaa hakingeweza kuendelea na mashindano hayo. Kila gesi mpya ilidai dawa mpya, na kitambaa kilikuwa na kikomo cha dawa kinachoweza kubeba.

Mwanakemia Edward Harrison, aliyejiunga na jeshi la Uingereza kama askari wa kawaida akiwa na umri wa makamo, aliongoza kazi iliyoleta suluhisho. Badala ya hewa kupita kwenye nguo, ilipitishwa katika mkebe wenye makaa na chembechembe za kemikali, kisha ikapanda kupitia bomba la mpira hadi kwenye barakoa iliyobana uso. Mkebe ulibebwa katika mfuko kifuani. Kuanzia Agosti 1916, wanajeshi wa Uingereza walianza kupewa kifaa hicho, ambacho kiliwahudumia hadi mwisho wa vita.

Wajerumani walikuwa wameanza mapema kufunga kichujio moja kwa moja kwenye barakoa ya kitambaa chenye mpira. Lakini meli za kivita za Uingereza zilipofunga njia za bahari, mpira uliadimika, na kufikia 1917 Ujerumani ilikuwa ikishona barakoa zake kwa ngozi. Nchini Urusi, mwanakemia Nikolai Zelinsky alionyesha mnamo 1915 kuwa makaa yaliyotayarishwa kwa namna maalum hunasa gesi za aina nyingi bila kuhitaji dawa tofauti kwa kila moja.

Hivyo makaa yakawa bidhaa ya kivita. Nchini Marekani, mnamo 1918, wananchi walihimizwa wakusanye mbegu za matunda na maganda magumu ya kokwa ili yachomwe makaa ya barakoa. Mbegu takriban 200 za tunda la pichi zilihitajika kwa barakoa moja. Miongoni mwa malighafi zilizosifiwa sana ni vifuu vya nazi, ambavyo watu wa Pwani huchongea pawa na kata.

Hata hivyo, mvumbuzi wa sumu hakulala. Usiku wa Julai 12, 1917, gesi ya haradali ilitumiwa kwa mara ya kwanza, tena karibu na Ypres. Gesi hii huchoma ngozi na kuitoa malengelenge, hupenya nguo, na hubaki ardhini kwa siku kadhaa. Barakoa iliweza kukinga macho na mapafu, lakini haikuweza kumfunika askari mwili mzima.

Mwezi huo huo, Wajerumani walianza kurusha makombora yenye unga laini wa kemikali ya aseniki. Unga huo ulikusudiwa kupenya kichujio, kumtapisha askari na kumlazimisha avue barakoa, ili gesi nyingine immalize.

Hukadiriwa kuwa gesi iliwaua watu wapatao 90,000 katika vita hivyo na kuwaathiri wengine zaidi ya milioni moja. Inaaminika kuwa zaidi ya nusu ya waliokufa walikuwa Warusi. Zelinsky alikuwa wao, lakini viwanda vya nchi yao havikuweza kuwapa barakoa kwa wakati. Harrison naye alifariki Novemba 1918, siku chache kabla ya vita kukoma, akiwa amedhoofishwa na kazi na maradhi.

Mataifa yalikutana Geneva mnamo 1925 na kutia sahihi Itifaki inayokataza matumizi ya gesi vitani. Lakini haikukataza kuitengeneza wala kuihifadhi. Italia iliiridhia mnamo 1928.

Miaka saba tu baadaye, ahadi hiyo ilijaribiwa katika nchi jirani ya Kenya. Kuanzia Desemba 1935, ndege za Italia zilidondosha mabomu ya gesi ya haradali nchini Ethiopia, kisha zikainyunyiza kama mvua juu ya wanajeshi, vijiji, mifugo na mito. Wapiganaji wengi wa Ethiopia walikuwa miguu mitupu. Hata kama wangepewa barakoa, zisingezuia sumu iliyowaingia kupitia nyayo zao.

Mnamo Juni 30, 1936, Mfalme Haile Selassie alisimama mbele ya Shirikisho la Mataifa mjini Geneva na kueleza mateso hayo. Alisikilizwa, lakini hakusaidiwa. Mwezi uliofuata, vikwazo vilivyokuwa vimewekewa Italia viliondolewa. Italia yenyewe ilikiri rasmi kutumia gesi hiyo mnamo 1996, miaka 60 baadaye.

Linganisha hayo na yaliyotukia Uingereza. Kufikia Septemba 1938, vita vikiwa bado havijaanza, serikali yake ilikuwa imegawa barakoa zipatazo milioni 38 kwa raia. Vita vilipokuja, gesi haikudondoshwa katika miji ya Uingereza, na barakoa hizo hazikuhitajika.

Wapo wanaosema kuwa hilo lathibitisha ubora wa barakoa: adui akijua mwenzake amejikinga na anaweza kulipiza, huona gesi haina faida. Hoja hiyo ina ukweli, lakini ina upande wa pili ulio mchungu. Gesi huelekezwa kule ambako hakuna barakoa. Ndivyo ilivyokuwa Ethiopia, na China ilipovamiwa na Japan. Ndivyo ilivyokuwa Machi 1988, jeshi la Iraq lilipoua maelfu ya Wakurdi mjini Halabja, na Agosti 2013 katika vitongoji vya Damascus, Syria.

Ndiyo sababu mkataba ulioanza kutekelezwa mnamo 1997, ambao Kenya pia iliuridhia mwaka huo, ulikwenda mbali kuliko Itifaki ya Geneva. Ulikataza kuunda, kuhifadhi na kutumia silaha hizo, na ukaunda OPCW ili ikague. Julai 2023, Marekani ilimaliza kuharibu shehena yake, ya mwisho kati ya zile zilizotangazwa rasmi na mataifa wanachama.

Lakini mkataba huo huo una mlango ulioachwa wazi. Vitoa machozi ni haramu vitani, kwa kuwa humfurusha askari handakini na kumweka wazi mbele ya risasi, kama ule unga wa 1917 ulivyokusudiwa kufanya. Polisi, kwa upande mwingine, wanaruhusiwa kuvitumia kutuliza ghasia nchini mwao. Vijana walioandamana Nairobi mnamo Juni 2024 walijikinga kwa vitambaa na maji, kinga ile ile waliyokuwa nayo Wacanada mnamo 1915.

Historia ya barakoa yaonyesha kuwa werevu wa mwanakemia unaweza kumwokoa aliyefikiwa na kifaa, bali hauwezi kumwokoa aliyesahauliwa. Huyo wa pili hana kinga ila sheria. Sheria nayo, kama Waethiopia walivyogundua mnamo 1936, haina nguvu iwapo walioitia sahihi watatazama kando inapovunjwa.