Usiweke Mafuta ya Taa katika Chupa ya Soda

Hapa Mzinga wengi wetu tuna karakana nyumbani. Pengine ni kibanda tu nyuma ya nyumba. Hapo tunatia jembe mpini, tunanoa panga, tunaziba pancha ya baiskeli. Kazi hizi ni nzuri. Zinatupunguzia gharama za kwenda mjini Morogoro.

Lakini hebu tazama chini ya meza yako. Je, ipo chupa ya soda yenye mafuta ya taa au petroli? Panga unalificha, chupa unaiacha. Mimi naona tumekosea. Mtoto anajua kuwa panga linakata. Chupa ya soda anajua ni ya soda. Akiwa na kiu, atakunywa.

Akinywa, usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta ya kula ili atapike. Mafuta ya taa yakipanda tena kooni huweza kuingia mapafuni, na hapo ndipo yanapoua. Mvue nguo zilizolowa. Mpeleke zahanati mara moja, na chupa ile uichukue.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwahimiza wazee wetu kuchimba vyoo, nao walichimba. Kazi ile ilikuwa ya siku nyingi. Hii ya kutafuta dumu lenye kifuniko na kuliweka juu, mtoto asipofika, ni ya asubuhi moja.