Gesi ni ya Lindi, vituo viko Dar es Salaam



Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo, wilayani Kilwa, mwaka 1974, na tangu 2004 inasafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam. Huko bajaji na teksi nyingi zimefungwa mfumo wa gesi, kwa kuwa kilo moja ni nafuu kuliko lita ya petroli na inakwenda mbali zaidi.

Nachingwea na Ruangwa zimo katika mkoa huohuo wa Lindi. Hata hivyo, dereva wa huku akisita kufunga mtungi wa gesi, asilaumiwe.

Vituo vingi vya kujazia viko Dar es Salaam. Gari lililofungwa mfumo wa gesi bado linaweza kutumia petroli, kwa hiyo halikwami njiani pasipo na kituo, ila mwenyewe atakuwa amelipia chuma kitupu. Tena mtungi hukaa kwenye buti. Kwa teksi ya mjini si neno. Kwa gari linalopeleka magunia ya ufuta au korosho kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika, nafasi hiyo ni pesa.

Usalama nao una gharama. Gesi hubanwa kwa mgandamizo wa takriban bar 200, hivyo mtungi unahitaji fundi aliyesomea na ukaguzi wa mara kwa mara.

Malori yenye mitungi yanaweza kufikisha gesi pasipo bomba. Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) na wawekezaji waanze basi na kituo kimoja kidogo, Nachingwea au Ruangwa, kihudumie kwanza bajaji na mabasi madogo.

Msomaji,
Nachingwea, Lindi