Tumesamehe, na risiti tumezitunza

Mwezi huu tunaacha kidogo mambo ya jikoni na malezi, tuzungumze juu ya bima ya gari. Huenda mama mmoja akasema, "Sisi hatuna gari, bima yatuhusu nini?" Hata sisi tulikuwa tukisema hivyo. Lakini asiye na gari huvuka barabara, hupanda daladala na bodaboda, na watoto wake huenda shule kwa miguu. Bima ya gari la mtu mwingine, ambaye hata humjui, yaweza siku moja kuwa ndiyo inayopaswa kulipia matibabu ya mtoto wako. Nasi tulijifunza hivyo kwa machozi.

Mwezi wa Agosti 2021 binti yetu wa pili, aliyekuwa na umri wa miaka 11, aligongwa na pikapu akitoka shuleni. Mfupa wa paja ulivunjika. Dereva hakukimbia. Alimbeba mtoto mwenyewe mpaka hospitali, naye analia kuliko mtoto. Tulipofika tulimtambua mara moja. Alikuwa kijana wa mwenzetu mmoja tunayeimba naye katika kwaya ya akina mama.

Siku ya tatu jioni wazazi wake walikuja nyumbani pamoja na wazee wawili, wakatuomba radhi. Walileta sukari, sabuni na shilingi 150,000. Baba watoto alisimama, akamshika kijana mkono, akasema mbele ya wote kwamba tumemsamehe. Na ilikuwa kweli. Ndipo mzee mmoja akasema, "Basi, Mungu ashukuriwe. Mambo ya polisi na bima ya nini tena? Tuyamalize hapa hapa kama ndugu."

Tulinyamaza. Tulikwisha kuchukua fomu ya PF3 polisi, kwa kuwa hospitali iliidai, lakini jambo lingine lo lote hatukulifuatilia. Tuliona haya. Tutawezaje kumtazama mwenzetu machoni Jumapili, na huku tunafuatana na trafiki juu ya mwanawe?

Wiki zikapita. Mtoto alifanyiwa upasuaji akawekewa chuma. Zikaja gharama za kitanda, picha, dawa, magongo, na teksi za kumrudisha kliniki. Tulikopa VICOBA. Nyakati nyingine tulinunua dawa usiku katika duka la jirani bila kuomba risiti, maana mtoto alikuwa analia na mawazo yetu hayakuwa kwenye karatasi. Kufikia mwisho wa Septemba tulikuwa tumetumia zaidi ya shilingi milioni 2, na ile 150,000 ilikwisha zamani.

MSAMAHA NI WA NANI, NA BIMA NI YA NINI?

Aliyetufungua macho ni muuguzi mmoja wa wodini, mama wa makamo. Alituuliza, "Gari lilikuwa na bima?" Tukamjibu kwamba tumekwisha kusamehe. Akacheka kidogo, akasema, "Mmemsamehe kijana. Kampuni ya bima imewakosea nini hata muisamehe?"

Tulikwenda nyumbani tukilitafakari neno hilo. Katika nchi yetu ya Tanzania, Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamtaka kila mwenye chombo cha moto kinachotembea barabarani akikatie angalau ile bima ambayo watu huiita bima ndogo. Bima hiyo haimlipi dereva mwenyewe wala haitengenezi gari lake. Iliwekwa kwa ajili ya watu wengine, yaani yule aliyegongwa, au jamaa zake kama amefariki. Kila mwaka mwenye gari hulipa ada kwa sababu hiyo. Kwa hiyo tulipokaa kimya, hatukuwa tunamhurumia kijana. Tulikuwa tunaiachia kampuni fedha iliyokwisha kupokea kwa kazi ambayo haijaifanya.

Tukamkumbuka pia yule Msamaria katika Injili ya Luka. Alimfunga majeraha mtu aliyeumizwa njiani, akampeleka nyumba ya wageni, akaacha dinari mbili. Tena aliahidi kwamba gharama ikizidi atailipa atakaporudi. Hakuona aibu kuzungumza habari ya gharama za mgonjwa, wala hakumfungia mwenye nyumba hesabu kabla mgonjwa hajapona.

Basi tulimwendea mwenzetu wa kwaya. Tulitetemeka njia nzima. Tulipomweleza, aliketi chini akalia. Kumbe miezi yote hiyo alikuwa halali usingizi, akidhani siku moja tutakuja kudai fedha, nao wauze kiwanja chao. Yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa tajiri mwenye pikapu, akamsihi atoe taarifa ya ajali kwa kampuni yake ya bima, maana alikuwa hajaitoa. Tena ndiye aliyetuletea nakala ya cheti cha bima.

MABISHANO YAANZA

Tulifikiri sasa kazi imekwisha. Haikuwa hivyo. Kampuni ilijibu kwa barua yenye pingamizi tatu. Ya kwanza, kwamba mtoto alivuka bila kuangalia, kwa hiyo naye ana sehemu ya kosa. Ya pili, kwamba risiti nyingi hazina jina la mgonjwa, na nyingine si risiti halali bali vikaratasi tu. Ya tatu, kwamba mazoezi ya viungo hayakuhusiana na ajali.

La kwanza lilijibiwa na mahakama. Kijana alikuwa amefikishwa mbele ya hakimu, akakiri kuendesha kwa uzembe, akatozwa faini. Tuliomba nakala ya hukumu, pamoja na taarifa ya polisi na ramani ya ajali, tukaziambatanisha. La tatu lilijibiwa na daktari, aliyeandika kwa mkono wake kwamba bila mazoezi yale goti lingekakamaa. Lakini la pili hatukuwa na jibu. Zile dawa za usiku na zile teksi, ambazo tulizikadiria kuwa shilingi 380,000, hatukulipwa hata senti moja mpaka leo. Wahenga walisema kweli, mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwezi wa Novemba tukaitwa ofisini. Ofisa alikuwa mpole, akatukaribisha soda. Akasema kampuni imeamua kutulipa shilingi 1,200,000 "kwa moyo wa kibinadamu", na kwamba hundi iko tayari siku hiyo hiyo tukitia sahihi karatasi moja. Wenzetu, mjue kwamba wiki ile ile VICOBA walikuwa wakingoja marejesho, na mwenye nyumba alikuwa amekwisha kubisha hodi mara mbili. Baba watoto alikuwa ameshika kalamu.

Karatasi yenyewe ilikuwa ya Kiingereza. Tukaomba tusomewe kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Ofisa hakupenda, lakini alisoma. Mstari mmoja ulisema kwamba tukiisha kupokea fedha hiyo, hatutakuwa na dai lingine lo lote kuhusu ajali ile, liwe linajulikana au halijulikani. Tukatazamana. Daktari alikuwa amekwisha kutuambia kwamba chuma kile kitatolewa baadaye kwa upasuaji wa pili. Nani angeulipia? Baba watoto aliiweka kalamu mezani, akasema, "Mtoto wetu bado hajapona. Tutarudi."

Tulitoka pale bila fedha, na njia nzima hatukuzungumza. Usiku ule tulijiuliza kama tumekuwa wajinga. Lakini akina mama wa VICOBA, tulipowaeleza ukweli wote, walitusogezea muda wa marejesho kwa miezi minne.

Tuliandika barua tukaeleza kwamba matibabu hayajakwisha, tukaambatanisha maandishi ya daktari. Kampuni ikakaa kimya. Chuma kilitolewa Desemba 2022. Safari hii kila risiti iliingia katika bahasha siku ile ile. Tulipeleka hesabu kamili pamoja na taarifa ya mwisho ya daktari, na kampuni ikazidi kutuzungusha. Ndipo tukaandika barua nyingine, tukasema kwamba tusipojibiwa tutapeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA. Baada ya wiki tatu tukapigiwa simu. Juni 2023 tulilipwa shilingi 4,100,000, na ndipo tulipotia sahihi ile karatasi ya kumaliza madai. Deni la VICOBA lilikwisha siku iliyofuata.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Mama mpendwa, hatuombi ajali nyumbani kwako. Lakini likitokea, yakumbuke haya.

Kwanza, majeruhi aende hospitali, na mtu mwingine aende polisi. Pata PF3. Andika namba ya gari, jina la dereva na la mwenye gari, na kampuni ya bima. Siku hizi bima husajiliwa katika mfumo wa TIRA, na kwa namba ya gari mtu aweza kujua kama bima ni halali na ni ya kampuni gani.

Pili, tafuta bahasha moja kubwa na daftari moja. Kila shilingi inayotoka iandikwe, na kila risiti iwe ya mashine na yenye jina la mgonjwa. Mkabidhi kazi hiyo mtu mmoja asiyekesha wodini, labda wifi au binti mkubwa, maana mama mwenye mgonjwa hawezi yote.

Tatu, usipeleke karatasi yo yote bila kubaki na nakala, na nakala hiyo igongwe muhuri wa kupokelewa. Mliyosemezana kwa simu yaandikieni barua.

Nne, usitie sahihi karatasi ya kumaliza madai kabla daktari hajaandika kwamba matibabu yamekwisha, na kama kuna ulemavu utakaobaki. Karatasi ikiwa katika lugha usiyoielewa, nenda nayo nyumbani, umtafute wa kuisoma. Fedha ya leo hutamanisha, hasa mwenye deni, nasi tunajua.

Tano, usikae mno. Kwa mtu mzima, kesi ya kudai fidia ya namna hii yapaswa kufunguliwa mahakamani ndani ya miaka 3. Kuandikiana barua na kampuni hakusimamishi hesabu ya miaka hiyo.

Sita, kampuni ikikataa, lalamika kwanza kwao wenyewe kwa maandishi. Wasipokusikiliza, iko TIRA, na iko ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Mahakama nayo ipo. Gari likiwa halina bima, mwenye gari na dereva bado wanawajibika wao wenyewe. Na mume wako akiumia barabarani akiwa katika kazi ya mwajiri wake, uliza pia habari za Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Nawe mama ambaye nyumbani kwako kuna gari au bodaboda, usiku wa leo mwulize baba, "Bima yetu inaisha lini?" Na kijana wako akigonga mtu, usimfiche. Taarifa itolewe upesi polisi na kwa kampuni ya bima, ili yule aliyeumia apate haki yake, nawe upate usingizi.

Binti yetu sasa anatembea vizuri, ila siku za baridi huchechemea kidogo, na ngazi huzipanda polepole. Kijana aliyemgonga hupita nyumbani kumsalimu kila sikukuu. Mama yake na sisi bado tunasimama pamoja mstari wa sauti ya pili. Jumapili moja, kabla ya kuingia kanisani, alitunong'oneza, "Dada, ile bahasha bado mnayo?" Tukamwambia tunayo, ipo juu ya kabati, na ya kwake pia aianze.

Tutakutana mwezi ujao, Mungu akipenda.