Kabla ya kumwambia mama aache kuchoma shamba, tuhesabu kwanza

Sisi wachimbaji, hakuna anayeshuka shimoni bila hesabu. Nani analeta chakula cha timu, nani analipa motopompe na mazutu, dhahabu ikitoka tutagawa namna gani: yote inasemwa mbele ya kupiga koleo la kwanza. Asiyehesabu tunajua mwisho wake. Anarudi Lubunga na deni.

Lakini shambani kwa bibi zetu hesabu tunaisahau. Maagronomu wa projé wanavuka mto, wanaita mikutano, wanasema: musichome tena pori, pandeni mukuna, pandeni akasia. Hatuwapingi. Udongo wa huku ni mchanga wenye asidi. Majivu yanalisha mihogo mwaka wa kwanza, kisha nguvu inakwisha. Zamani pori lilipumzika miaka mingi. Leo, karibu na mji, tunalirudia mapema, na mihogo inatoka midogo. Kila mama anaona.

Tunachokataa ni kuhubiriwa faida peke yake. Moto unaomba kiberiti tu. Kuacha moto kunaomba mikono ya kukata na kupanga matawi. Mukuna inafunika udongo, inazuia majani mabaya na inarudisha rutuba, ni kweli. Lakini hailiwi kama maharagwe, na pale ilipolala, msimu ule hakuna chakula. Tuseme mfano tu: kazi inaongezeka siku 12 mwaka huu, palizi inapungua siku 8 mwaka ujao. Kama mavuno hayakupanda, siku 4 zimebaki deni. Na hizo siku ni za nani? Haziko zetu, sisi tuko kariyeri. Ni za mama, na za mtoto anayetolewa shuleni kumsaidia.

Kuna tena hesabu ya udongo wenyewe. Kule Mampu, kwenye plato ya Bateke upande wa Kinshasa, familia zaidi ya 300 zilipanda akasia pamoja na mihogo. Walipata chakula, makala na asali. Lakini kila familia ilipewa hektari 25, ikajua kama miti ni yake. Huku kwetu, sheria ya 1973 inasema udongo ni wa Leta, na mulimaji anabaki na neno la shefu tu. Tangu Februari 2023 tumeona Wambole na Walengola wakiuana juu ya udongo, nyumba zikachomwa, watu wakakimbilia ng'ambo ya mto. Mama aliyekimbia na kuacha mihogo yake udongoni, utamwambia namna gani apande mti wa kukata baada ya miaka minane?

Kwa hiyo sisi wa sendika tunaomba mambo matatu. Kwanza, tusianze na shamba zima. Mama achague kipande kidogo, nusu achome, nusu asichome, na aandike mwenyewe katika kaye: siku za kazi, mbegu, magunia. Baada ya misimu miwili kaye itasema kuliko agronomu. Pili, mwenye kuleta kazi mpya abebe hasara ya mwaka wa kwanza, kwa chakula ama kwa franka. Hata kariyeri, anayetaka wengine wachimbe analeta unga. Tatu, karatasi ya shamba itangulie mti.

Na sisi wanaume tusijifiche. Pesa ya kariyeri inaenda kwa pikipiki na kwa chupa, kisha tunashangaa kwa nini mama anachoma. Anachoma juu ya kukosa mikono. Wakati wa kusafisha shamba, turudi nyumbani wiki mbili, ama tutume pesa ya kulipa vijana. Iandikwe nayo katika kaye ile ile, tuone mwisho wa mwaka nani alilisha nyumba.